Shali ya Mzee Nissim

Kwa miaka mitatu Arlène alishona mito asiyoikalia. Ilikuwa mito ya duara, myeusi, minene, na mteja wake alikuwa mama mmoja wa Kizungu aitwaye Merle, aliyeingia siku moja kwenye duka lake la ushonaji, mtaa wa Jules, Malvern, jijini Johannesburg, na gunia la maganda ya nafaka na karatasi yenye vipimo. "Ijaze mpaka ikatae," Merle alisema. Arlène akaijaza mpaka ikakataa. Hakuuliza ni ya nini. Fundi wa Lubumbashi hamwulizi mteja kama nguo inakwenda arusini au matangani. Anamwuliza inatakiwa lini.

Aliyekuja kumfumbua macho ni Égide, Mrundi wa Bujumbura, mlinzi wa lango nyumbani kwa Merle kule mtaa wa Observatory. Alileta suruali ya sare iliyochanika, akaambiwa asubiri saa moja, akakaa kwenye benchi akasubiri saa moja. Hakutoa simu. Hakupiga miluzi. Hakusema, "Bado tu, dada?" Arlène akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Johannesburg, mwanamume anayesubiri bila simu ama amekuja kuiba, ama kuna kitu anakijua.

"Kaka, wewe ni mzima?"

"Mzima, dada. Nimezoea kukaa."

Ndipo akamsimulia. Kila Jumapili asubuhi watu huja kwa Merle, wanavua viatu, wanaingia chumba cha bustanini na kukaa juu ya ile mito wakiutazama ukuta. Dakika arobaini. Kengele ndogo inalia, wanainama mpaka chini mbele ya sanamu ya Budha, wanakunywa chai, wanakwenda zao. Wenyewe wanaita Zen. Mwezi wa kwanza Égide alidhani wameadhibiwa: watu wazima, wenye magari yao, wanatazama ukuta kama watoto waliopiga kelele darasani. Mwezi wa pili Merle alimletea chai getini, akamwambia ukuta bado una nafasi. Égide aliikimbia vita akiwa kijana, na tangu hapo kichwani mwake mlikuwa na redio isiyozimika. Siku ya kwanza haikuzimika. Siku ya nne alisikia ndege.

"Ndege gani?"

"Hadida."

"Hadida! Wale wanaoamsha Joburg nzima kwa makelele?"

"Haohao. Miaka mitano nilikuwa sijawasikia."

Arlène alicheka mpaka akajichoma sindano. Wiki iliyofuata Égide akaleta suruali nyingine, ambayo kwa jicho la fundi ilikuwa imechanwa kwa mkasi.

Kabla mambo hayajafika mbali, Arlène naye alimweleza habari zake. Babu yake mzaa mama, mzee Nissim, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes aliyeuza vitambaa Lubumbashi zama za Wabelgiji. Alizaa na bibi yake Arlène mtoto mmoja, Victorine, ndiye mama yake, na mzee akafa mtoto akiwa na miaka tisa. Sinagogi haikumhesabu Victorine, maana mama yake hakuwa Myahudi. Shuleni nako watoto hawakumwacha asahau pua ya baba yake. Victorine akabatizwa, akawa mtu wa misa kila Jumapili, lakini kila Ijumaa jua likielekea kuzama aliwasha mishumaa miwili, akajifunika macho kwa viganja, na nyumba nzima ikanyamaza. Aliyemwuliza yeye ni nani hasa alijibiwa: "Ijumaa ya baba, Jumapili ya mama. Katikati nafua."

Arlène mwenyewe, alipofika Johannesburg, aliwahi kwenda kubisha hodi sinagogi moja. Mzee mmoja mpole alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwamba sheria hufuata tumbo la mama, na yeye ukoo wake umepitia kwa babu. Kisha akampa kipande cha keki.

"Ukafanya nini?" Égide akauliza.

"Nikala keki. Ilikuwa tamu. Nikarudi nyumbani nikawasha mishumaa yangu."

Égide akafikiri kidogo. "Mimi mishumaa siiogopi," akasema.

Posa yake haikuzidi hapo sana.

Wakaoana, wakaishi vizuri. Ijumaa Arlène alifunga duka mapema, na Égide, kama hayuko zamu, alikaa karibu naye mishumaa ikiwaka. Jumapili alikwenda kwa Merle. Zawadi ya Merle ya arusi ilikuwa Budha wa mbao, mkubwa kama chupa ya soda, wakamweka kwenye rafu juu ya televisheni, karibu na rimoti. Arlène alimpangusa vumbi kama alivyopangusa rimoti.

Kisha zikaja mimba mbili, na zote mbili zikaharibika.

Ya tatu ilikuja akiwa na miaka thelathini na tisa. Daktari akamwamuru apumzike. Sasa, Arlène kupumzika hakujui. Alikuwa akiamka kufua vilivyo safi. Égide hakumgombeza, asubuhi moja aliweka mto wa pili kando ya wake, akakaa. Arlène akasimama pale na ndoo mkononi, akaona aibu, akaiweka chini, naye akakaa. Kwa mara ya kwanza akaukalia mto alioushona mwenyewe, na kitu cha kwanza alichokigundua ni kwamba mshono wa pembeni unachoma. Akaamka, akaufumua, akaushona upya. Wateja gani hawa, miaka mitatu wanachomwa na hakuna aliyesema!

Siku ya pili alikaa. Na ya tatu. Hofu ilikaa pamoja naye, tena ilikaa karibu sana, lakini aliona kwamba asipoikimbiza wala kuipikia chai, nayo huchoka. Mtoto akazaliwa salama, msichana, mwenye mapafu ya muuza samaki. Arlène hakuacha kukaa. Dakika kumi kati ya titi na titi, mtoto mapajani. Jumapili akawa anakwenda kwa Merle na mtoto mgongoni.

Ndipo Victorine akapiga simu.

"Mtoto asitamkwe jina mpaka nifike."

Hilo Arlène alilijua. Kwao, msichana hupewa jina mapajani mwa bibi mzaa mama. Bibi humfunika kwa shali ya sala ya mzee Nissim, ile nyeupe yenye mistari na nyuzi za pembeni, analitamka jina kwa sauti, kisha mtoto hupitishwa paja kwa paja na kila mtu humpa neno lake la baraka. Jina lenyewe halikuwa siri: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na bibi akiwa hai ndiyo heri zaidi. Angeitwa Candide, kama mama yake Égide aliyeko Bujumbura. Lakini mpaka Victorine alitamke, kwa wiki sita mtoto aliitwa Bébé tu.

Taabu ilikuwa moja. Mzee Nissim hakupata muda wa kumfundisha bintiye dini nzima, ila sheria moja aliipigilia kama msumari: usiiname mbele ya kitu kilichochongwa. Victorine alikuwa akiisema hata sokoni. Akimwona Budha nyumbani kwa bintiye, atakubali kumweka mtoto mapajani? Arlène aliitaka baraka ile kuliko alivyotaka kitu chochote. Yeye mwenyewe alipewa jina lake mapajani mwa bibi yake, chini ya shali ileile, ambayo Victorine alimkabidhi siku alipoondoka Lubumbashi. Lakini mto nao hakutaka kuuacha, na kumdanganya mama yake hakutaka. Basi la Lubumbashi lilipoingia Park Station Alhamisi asubuhi, alikuwa bado hajaamua.

Aliyeamua ni Égide, bila kutumwa.

Victorine, miaka sitini na saba, alishuka baada ya siku tatu barabarani akiwa amenyooka kama mlingoti, mfuko wa dagaa begani. "Mumekonda wote. Bébé iko wapi?" Akamchukua, akamnusa shingoni, akatangaza kwamba pua ni ya Nissim, na siku ile ikaisha kwa amani. Rafuni juu ya televisheni palikuwa na rimoti peke yake. Arlène aliona, akamtazama mumewe. Égide akatazama ukuta, kama alivyozoea.

Ijumaa mchana Victorine alianza mayai. Mayai ya Rhodes hayana haraka: huchemshwa kwa moto mdogo pamoja na maganda ya vitunguu, majani ya chai na mafuta kidogo, kwa muda wa saa nane au zaidi, mpaka yawe ya kahawia nje na ndani. Alikuwa amemtuma Arlène mtaani kuokota maganda kwa wauza vitunguu. "Eish, dada, mambo yamekuwa magumu hivyo?" wakamcheka. "Chukua basi na kitunguu chenyewe!" Akarudi na mfuko mzima. Sufuria ikapanda jikoni saa saba.

"Sasa leta shali ya baba," Victorine akasema. "Niipige pasi kabla ya Jumapili."

Arlène akafungua sanduku chini ya kitanda. Akatoa vitenge, akatoa vyeti, akatoa suti ya arusi ya Égide. Sanduku likabaki tupu.

"Égide," akaita. "Umeiona shali ya babu?"

Égide alikuwa mlangoni. "Ile nyeupe?"

"Ile nyeupe."

"Mke wangu... nilitafuta kitambaa safi. Kitu cha heshima hakifungwi kwenye gazeti."

Victorine alikuwa ameshampita. Alifuata macho ya mkwewe moja kwa moja mpaka juu ya kabati, akapanda kiti, akashusha kifurushi kilichofungwa vizuri kama zawadi. Akafungua pindo la kwanza, la pili. Ndani ya shali ya mzee Nissim, amekunja miguu, ametulia kabisa, Budha.

Victorine akashuka kitini na Budha mkononi.

"Mkwe wangu," Victorine akasema polepole. "Huyu ni nani?"

"Ni Budha, Mama."

"Ni mungu wenu?"

"Hapana, Mama. Ni mtu aliyekaa chini."

"Akakaa akafanya nini?"

"Alikaa tu."

"Na watu wakamchonga kwa sababu alikaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi marehemu mume wangu angekuwa na sanamu Lubumbashi nzima." Lakini hakucheka. Alimweka Budha kitandani, akaikunja shali, akaikumbatia kifuani. "Arlène. Nipigie taksi. Narudi Park Station."

"Mama—"

"Shali ya baba yangu! Nilikupa wewe kwa sababu wewe ndiye uliyewasha mishumaa. Kaka zako niliwanyima. Nipigie taksi." Akaanza kukunja nguo zake, akaziingiza kwenye mfuko mmoja na dagaa. Alipofika mlangoni akasimama. Akanusa. Akageuka kutazama jikoni.

"Mayai yana saa ngapi motoni?"

"Saa moja na nusu, mama."

Victorine akasimama na mfuko wake, anatazama mlango, anatazama sufuria. Mayai yale hayaachwi. Mama yake hakuwahi kuyaacha, na yeye hangeanzia Malvern. Na mtu mwingine kuyaangalia? Huyu aliyefunga sanamu kwa shali? Akavuta kiti cha jikoni, akakaa kando ya jiko, mgongo kwa watu.

"Yakiiva nakwenda," akasema.

Égide akamchukua mtoto akatoka naye uani. Arlène akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa jiko.

"Wale wawili walipoondoka, mama," Arlène akaanza, "nilikuwa nashona. Mara zote mbili nilirudi dukani baada ya siku tatu. Arusi za watu zilikuwa zinasubiri. Sikuwalilia. Unakumbuka ulinipigia nikakwambia niko sawa?"

"Nakumbuka."

"Sikuwa sawa. Wa tatu alipokuja nikawa siwezi hata kuweka mkono tumboni. Égide akanikalisha, kama wanavyokaa Jumapili kwa yule Mzungu wake, wakitazama ukuta. Hakuna anachosema, hakuna anachoniombea, ananikalisha tu. Kwenye ule mto, mama, ndiko nilikowalilia. Nilipomaliza ndipo nikaweza kumpenda huyu."

Victorine alifunua sufuria, akaongeza maji nusu kikombe, akafunika.

"Na unainama?" akauliza. "Hapo kwa huyo Mzungu. Wakiinama mbele ya hicho kitu, unainama?"

Arlène akatazama vidole vyake. "Hapana. Wao wanakwenda chini mpaka paji la uso. Mimi nabaki nimekaa."

"Hawakuulizi?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia tangu uzazi magoti yangu ni mabovu."

Mgongo wa Victorine ulikuwa bado umemwelekea. Ukaanza kutikisika. Arlène akadhani analia, akanyanyuka, akazunguka jiko kumshika, akamkuta mama yake amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka, anacheka mpaka hana sauti.

"Magoti!" Victorine akapata pumzi. "Bon Dieu! Umesema magoti!"

"Mama, kuna nini?"

"Miaka arobaini na tano, mwana wangu. Mapadri sita! Kanisa zima linapiga magoti mbele ya sanamu, mimi kwenye benchi, pole mama, pole na miguu. Wameniwekea mpaka kiti changu chenye mto!"

Arlène akamkodolea macho. "Miguu yako ni mizima?"

"Jana nimepanda ngazi zenu nikiwa na mfuko wa dagaa, hukuona?"

"Na dawa ya kuchua ninayokutumia kila Desemba?"

"Nampa jirani. Amepona kabisa, sasa anacheza dansi."

Égide aliyekuwa uani alisikia vishindo, akakimbia na mtoto akidhani watu wanapigana, akawakuta mama na binti wameegemeana kando ya jiko, hoi kwa kicheko. Akarudi uani kimyakimya. Kuna mambo mtu hukaa akayaacha yapite.

Walipotulia, Victorine alijifuta uso, akawa mkali tena, lakini ukali wa kawaida, wa nyumbani.

"Sikiliza. Usiniambie kwamba ni kitu kimoja. Mishumaa ya baba na huo ukuta wenu, si kitu kimoja."

"Sijasema ni kitu kimoja. Nasema mimi ni mmoja."

Victorine alilitafuna neno hilo kama mtu anayejaribu chumvi. "Huyo mtu aliyekaa arudi kwenye rafu yake," akasema mwisho. "Nyumba ni yenu. Lakini shali ya baba hataivaa tena. Ana baridi, mshonee ya kwake, wewe si fundi?"

Jua lilipokaribia kuzama waliwasha mishumaa. Kwa vile mayai yalikuwa bado na saa nyingi, hakuna aliyezungumzia taksi tena.

Jumapili chumba kilijaa. Najma, muuza vitenge wa duka la pili, alikuja na sambusa. Walinzi wenzake Égide walikuja na sare zao, maana zamu ni zamu. Na Merle alikuja na maua, nywele zake nyeupe zikiwa zimekatwa karibu na ngozi. Viti havikutosha, watu wakakalia ile mito myeusi, magoti kwa magoti, duara zima. Bibi Candide alikuwa mezani, ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye sahani ya mayai, akiwa amejifunga kilemba cha sherehe kule Bujumbura.

Victorine akamfunika mtoto shali, akamweka mapajani. Kabla hajafungua kinywa, Merle akamnong'oneza Égide kitu. Égide akasita.

"Anasema nini?" Victorine akauliza.

"Mama, anauliza... huyu bibi wa kwenye simu ndiye mwenye jina?"

"Ndiye."

"Anasema ni hatari. Kwao mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Malaika wa mauti anaweza kuwachanganya, akaja kumchukua mkubwa akaondoka na mdogo."

"Kwao wapi?"

Égide akauliza, akageuka na uso wa mtu aliyebeba sahani mbili za moto. "Anasema, sisi Wayahudi."

Victorine alimtazama Merle kuanzia nywele mpaka soksi. "Huyu? Mwenye nyumba ya ukuta?"

"Wazazi wa bibi yake walitoka Lithuania, Mama."

"Mwambie baba yangu alitoka Rhodes. Na mwambie malaika wa mauti wa kwetu anajua kusoma anwani."

Égide akatafsiri. Merle akaanza kusema harakaharaka, mikono hewani, bibi yangu alisema hivi, kwetu Doornfontein walifanya vile, na hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Victorine akamjibu neno kwa neno, naye mikono hewani, Égide katikati akigeuza shingo kama mwamuzi wa tenisi.

"Mwulize, Ijumaa anawasha mishumaa?"

"Anasema hapana, Mama. Tangu mama yake afariki."

"Hawashi, na bado anatuletea sheria!" Chumba kikalipuka. Merle mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie Ijumaa aje hapa. Na aje na njaa."

Arlène alikuwa amekaa kwenye mto wa mwisho wa duara. Sinagogi ilikuwa imempa keki badala ya nafasi. Sasa watu wazima wawili walikuwa wanagombania sheria ya mtoto wake kana kwamba Uyahudi wake haujawahi kuwa na shaka.

Victorine akainua mkono.

"Candide," akatamka, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Karame!" akaitika bibi kutoka kwenye simu, kama Warundi wanavyoitika, na vigelegele vya Najma vikapasua dari.

Mtoto akaanza safari yake, paja kwa paja. Mmoja alimbariki kwa Kirundi, mwingine kwa Kizulu, Najma kwa dua ndefu ya Kigoma. Merle alimshika muda mrefu bila kusema kitu, mpaka Victorine akamhimiza, "Mwambie aseme, si Jumapili yake ya kunyamaza hii!" na Merle akasema maneno manne ya Kiebrania ambayo Égide hakuweza kuyatafsiri, na Victorine, ambaye hakujua maana yake ila aliyasikia kwa baba yake, akaitikia mahali palipostahili.

Arlène alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameandaa maneno mengi, wiki nzima. Lakini mtoto alipofika mapajani alikuwa ameshalala, na Victorine na Merle walikuwa wamerudia ubishi wao, sasa kuhusu mayai. Akaiinamisha shingo yake karibu na sikio dogo chini ya shali.

"Candide," akamwita, kwa mara ya kwanza.

Na kutoka mezani, kwenye simu ambayo kila mtu alikuwa ameisahau, bibi wa Bujumbura akaitika tena.